Maandishi Yasikatwe: Jibu kuhusu Gombo la Kijapani Lenye Picha na Shairi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa ufundi hapa Tanga, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Yule bwana aliporudi kwao alimwachia baba picha ndefu ya karatasi ya kuviringa, iliyomo ndani ya kisanduku cha mbao. Chini kuna kichwa cha mzee mwenye upara, ndevu na macho ya kutoka nje, kimechorwa kwa wino mweusi mtupu. Juu yake kuna mistari miwili ya maandishi, nimehesabu herufi nane, na mihuri midogo myekundu. Sehemu kubwa iliyobaki ni tupu, kana kwamba mchoraji aliishiwa na muda. Karatasi ina mikunjo na madoa ya kahawia. Nataka kuitundika sebuleni kwa kumbukumbu ya baba. Fundi wa fremu anasema apige pasi mikunjo, aibandike kwenye hadibodi, akate sehemu ya juu kwa kuwa maandishi hayo hakuna anayeyasoma na yanafanya fremu iwe ndefu mno, kisha aweke kioo. Shangazi anasema huyo mzee ni jini na maandishi ni talasimu, tuichome. Nifanye nini? Nimeambatisha picha nilizopiga kwa simu."

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Nimezitazama picha zako zote. Kabla ya maelezo mengine nina ombi moja: kama gombo limeshafika kwa fundi, lifuate leo hii ulirudishe nyumbani. Mengine yote tunaweza kuyafanya taratibu, lakini kilichokatwa kimekatwa, na gundi nyeupe ya maseremala ikishanywewa na karatasi ya aina hii haitoki tena bila kuondoka na kipande cha picha.

Naona hofu mbili zinakuvuta. Moja ni ya kuharibu kitu cha baba kwa kutojua. Nyingine ni ya kutundika sebuleni kitu ambacho huenda hakifai kuwa hapo. Nianze na hii ya pili, maana ndiyo iliyokaribia kuwasha kiberiti.

Mzee huyo si jini. Wajapani wanamwita Daruma, na ni binadamu, mtawa wa Kibudha. Mapokeo yanasema alitoka India akafika China kati ya karne ya 5 na ya 6, akaanzisha huko mkondo wa dini ya Kibudha ambao kwa Kijapani unaitwa Zen. Inasimuliwa kwamba alikaa miaka tisa akitafakari mbele ya ukuta, na kwamba siku moja alipopitiwa na usingizi alijikasirikia akazikata kope zake zisifumbe tena. Ndiyo sababu wachoraji humpa macho yale yasiyopepesa. Ni simulizi, nami nakupa kama simulizi, ili ujue macho hayo yametoka wapi na usiyaogope.

Na herufi nane, kwa bahati nzuri, zimeandikwa wazi. Zinasomeka jikishi ninshin, kenshō jōbutsu. Zinasema kwamba fundisho linanyooshwa moja kwa moja kwenye moyo wa mtu, na kwamba anayeiona asili yake mwenyewe ameshakuwa Buddha, yaani mtu aliyeamka. Ni mishororo miwili ya mwisho ya ubeti wa mishororo minne ambao mapokeo yanampa Daruma mwenyewe. Miwili ya mwanzo inasema fundisho hili hupokezanwa nje ya maandiko na halisimami juu ya maneno. Kwa hiyo maandishi hayo hayaiti pepo, hayamfungi mtu wala hayaombi kitu. Yamewekwa juu ya kichwa cha mzee kwa kuwa ni kauli yake.

Hata hivyo sitaki umwambie shangazi kwamba ni pambo tu, kwa sababu hiyo nayo si kweli. Ni kazi ya dini. Katika mahekalu ya Zen picha ya Daruma hutundikwa tarehe 5 Oktoba, siku ya kumkumbuka. Kama imani ya nyumba yenu hairuhusu picha ya namna hiyo sebuleni, basi isitundikwe sebuleni, na hakuna atakayekulaumu. Kuihifadhi ndani ya kisanduku chake kabatini, kama zawadi aliyopewa baba na rafiki yake, ni heshima tosha. Kuichoma ni kumchomea baba urafiki wake, na dini ya mtu haitaki hilo.

Sasa tuje kwa mchoraji uliyedhani aliishiwa na muda.

Wino uliotumika haufanani na ule wa kalamu. Ni masizi, ama ya mafuta ya taa za zamani ama ya kuni za msonobari, yaliyokandwa na gundi ya ngozi ya mnyama na manukato kidogo, kisha yakakaushwa yakawa vijiti vigumu. Mji wa Nara ndio maarufu kwa kazi hiyo, na huko kuna nyumba ya watengenezaji, Kobaien, inayofanya kazi tangu 1577. Mchoraji hukisugua kijiti polepole juu ya jiwe lenye maji, na kiasi cha maji ndicho kinachoamua rangi. Kijiti kimoja hutoa weusi mzito, kijivu cha mawingu ya masika, na ukungu usioonekana vizuri. Karatasi yenyewe hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za maganda ya mti uitwao kōzo. Ndugu wa mti huo aliletwa Uganda, akaenea katika msitu wa Mabira hadi sasa anahesabiwa kuwa mvamizi. Kwa hiyo mti wenyewe si mgeni kabisa kwetu, tumekosa tu kuujua kwa karatasi yake.

Brashi yenye wino inapogusa karatasi hiyo, maji hukimbia kufuata nyuzi huku yakibeba chembe za kaboni. Maji hukauka, chembe hubaki zimejishika ndani. Hakuna kufuta. Hakuna kupaka nyeupe juu ya kosa, kwa sababu weupe wa picha hii ni karatasi yenyewe. Brashi ikisita, wino hutuama na kufanya doa. Ikienda kasi, nywele zake huachana na karatasi huonekana katikati ya mstari. Tazama mstari mnene wa bega katika picha yako ya tatu: umeanza mweusi tititi upande wa kushoto, ukazunguka, ukaishia katika michirizi mikavu. Huo ni mwendo mmoja wa mkono, bila kurudia. Mtu aliyefanya hivyo alishamchora Daruma huyo mara nyingi sana kabla ya siku hiyo, na mikono yake haikuwa ikikisia.

Ndiyo maana utupu haupaswi kuhesabiwa kama kazi iliyobaki. Mchoraji aliamua mahali pa kugusa na mahali pa kuacha. Vazi lote la Daruma umelipata kwa mstari mmoja na weupe ulio ndani yake. Jicho lako ndilo lililokamilisha kitambaa. Nafasi iliyo juu ya kichwa nayo ilitengwa tangu mwanzo, iwe makao ya maandishi. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo fundi wako alipotaka kupitisha mkasi.

Mwanzoni mwa karne ya 15, katika mahekalu makubwa ya Zen ya Kyoto, watawa walikuwa pia washairi. Walitunga kwa Kichina cha kale, lugha ya usomi wao, kwa kanuni kali: mara nyingi mishororo minne, kila mmoja una herufi tano au saba, na vina vinaangukia mahali palipowekwa. Ulikuwa umezoeleka utaratibu huu: mchoraji anachora sehemu ya chini ya karatasi ndefu, kisha marafiki wanaandika mashairi yao juu, mmoja baada ya mwingine. Mtu anasafiri, mwingine amejenga kibanda cha kusomea, mwingine anamkumbuka mwenzake wa mbali. Kila jambo lilipata picha yake na beti zake. Jumba la makumbusho la Fujita mjini Osaka linalo gombo la mwaka 1405 lenye mwezi mchanga juu ya lango la kibanda, na maandishi ya watawa 18.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni ile iliyochorwa miaka kama kumi baadaye na mtawa Josetsu kwa amri ya Ashikaga Yoshimochi, shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Mtu mmoja amesimama kando ya kijito, ameshika kibuyu laini kwa mikono miwili, na majini anapita kambare. Swali la shoguni lilikuwa: utamkamataje kambare anayeteleza kwa kibuyu kinachoteleza? Watawa 31 waliandika majibu yao. Mmoja anashauri kibuyu kipakwe mafuta ili kiteleze zaidi. Mwingine ameshaanza kuzungumzia supu. Awali picha hiyo ilikuwa kwenye kiambaza kidogo cha kusimamisha chumbani, baadaye ikawekwa katika gombo, mashairi juu na picha chini, na leo ni mali ya hekalu dogo la Taizō-in lililo ndani ya Myōshin-ji, Kyoto. Kata mashairi yale, utabaki na mvuvi asiyejua kazi yake. Swali na vicheko vya watu 31 vitakuwa vimekwenda na kipande cha juu.

Fundi analalamikia urefu. Mweleze kwamba Sesshū, ambaye Wajapani wengi wanamhesabu kuwa mkubwa wa wachoraji wao wa wino, alichora mwaka 1495 mandhari ya mlima kwa wino uliorushwa, kwenye gombo lenye urefu wa karibu mita moja na nusu na upana usiozidi sentimeta 33. Picha yenyewe imekaa chini. Juu yake Sesshū ameandika kwa mkono wake jinsi alivyokwenda China kujifunza, na jinsi alivyorudi akitambua ukubwa wa walimu wake wa nyumbani, Josetsu na Shūbun. Juu zaidi kuna mashairi ya watawa sita. Gombo zima lilikuwa zawadi kwa mwanafunzi wake Sōen, aliyekuwa akirudi kwao. Liko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, refu vile vile, na hakuna aliyewahi kupendekeza lifupishwe.

Daruma wako anatoka katika tawi la baadaye na la watu wa kawaida zaidi. Baba wa tawi hilo ni Hakuin, aliyeishi kati ya 1686 na 1769 katika kijiji cha Hara, karibu na Mlima Fuji. Hakuwa mchoraji wa kulipwa. Alikuwa mwalimu wa dini aliyechora na kuandika ili afundishe, akawagawia wakulima, wapita njia na watawa. Alimchora Daruma mara nyingi mno, na juu yake mara nyingi aliandika herufi hizo hizo nane ulizohesabu wewe. Baada yake alikuja Sengai, mtawa mwingine wa Zen, wa Hakata, aliyefariki 1837. Yeye alimchora chura aliyechutama kama anayetafakari, akaandika pembeni: ikiwa mtu huwa Buddha kwa kukaa tu... akaiacha sentensi hapo hapo. Bila maneno hayo, una chura tu. Ukiyasoma, chura anakugeukia wewe unayejisifu kwa kukaa kitako.

Sisi tuliokulia pwani tunalielewa jambo hili bila kufundishwa darasani. Ukiikata kanga jina lake ili libaki ua la katikati, umebaki na kitambaa, si kanga tena, na aliyekupa hawezi tena kukuambia alichotaka kukuambia. Maandishi ya gombo lako yana nafasi hiyo hiyo. Hayaielezi picha, yanazungumza pamoja nayo.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kukata ni hapana, moja kwa moja. Kuhusu pasi na hadibodi pia ni hapana, na sababu zake uzijue ili umweleze fundi kwa upole, maana hana nia mbaya. Anafanya anachokifanya kwa picha za harusi na vyeti.

Gombo hilo si karatasi moja. Nyuma ya ile iliyochorwa kuna tabaka mbili, tatu au hata nne za karatasi nyembamba, kila moja ikiwa na kazi yake. Ya kwanza inaushika mchoro, za katikati zinasawazisha unene kati ya karatasi na kitambaa cha pembeni, ya mwisho inalinda mgongo ili uteleze vizuri wakati wa kuviringa. Zimeunganishwa kwa gundi ya wanga wa ngano. Kwa tabaka za ndani mafundi wa Kyoto hutumia wanga uliowekwa kwenye mitungi mahali penye baridi na giza kwa muda wa miaka kumi hivi, hadi nguvu yake inapungua. Wanaitaka gundi dhaifu kwa makusudi. Gundi kali ingelifanya gombo liwe gumu na livunjike kila linapoviringwa. Iliyo dhaifu inaliacha lipinde, na baada ya miaka mia moja hivi fundi mwingine anaweza kuilowesha, kuziondoa tabaka za zamani na kuweka mpya, mchoro ukabaki salama. Kazi nzima imejengwa ili iweze kufunguliwa tena.

Sasa ibandike kwenye hadibodi. Hewa ya Tanga inabeba unyevu mwingi masika, unapungua Januari na Februari. Karatasi inavuta unyevu na kutanuka, inakauka na kusinyaa, kila siku. Ikiwa huru inacheza bila madhara. Ikiwa imeshikwa na ubao, itavutana nao mpaka ichanike, na kwa kawaida huchanika kwenye mikunjo uliyonayo tayari. Hadibodi yenyewe inatoa asidi inayoigeuza karatasi kuwa ya kahawia na dhaifu. Niliwahi kuletewa mlima mzuri wa wino uliobandikwa hivyo na fundi mmoja. Ulikuwa umepasuka vipande, na hatukuweza kuuokoa zaidi ya nusu.

Pasi nayo ina hatari mbili. Ikiwa kavu, joto hukausha gundi iliyo ndani na mkunjo hung'aa badala ya kuondoka. Ikiwa ya mvuke, maji hulegeza wanga, tabaka zinaachana, na yanatokea malengelenge ambayo hayarudi chini. Kioo kikigusa karatasi, jasho la kioo hubaki kati yake na wino, na ukungu hupata makazi. Kuhusu madoa ya kahawia, usijaribu jiki wala limau wala dawa yoyote. Madoa hayo hutokana na kuvu wa siku za unyevu na chembe za chuma zilizomo katika karatasi. Kuyang'arisha kunakula nyuzi. Yaache, ni ya uzee, na katika picha zako hayajafika kwenye uso wala kwenye herufi.

Ufanye nini basi? Ningekuwa mimi, ningeliacha liwe gombo, maana ndivyo lilivyotengenezwa liishi. Japani halitundikwi mwaka mzima. Linatolewa kwa msimu, kwa mgeni, kwa siku maalumu, kisha linarudi kisandukuni. Wewe unaweza kulitundika wiki mbili au tatu katika siku kavu, labda karibu na siku ya kumkumbuka baba, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mbali na jiko na upepo wa feni. Wino hautapauka, kaboni haiogopi mwanga, lakini kitambaa cha zari cha pembeni kitapauka na karatasi itageuka njano. Likikaa ukutani muda mrefu pia, uzito wa mti wa chini hulivuta na pembe hujikunja kwa ndani.

Wakati wa kulitundika, lifungue kwanza juu ya meza safi hadi theluthi moja, ning'iniza kamba kwenye msumari imara, ndipo ulishushe polepole ukiwa umeshika mti wa chini kwa mikono miwili. Kuliviringa ni kinyume chake. Usilikaze. Likienda upande, lifungue tena uanze upya, usilisukume kwa nguvu lilingane. Mikono iwe safi na mikavu, bila mafuta ya kupaka. Kisandukuni tia vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe. Usiweke naftalini imegusana na gombo. Kisanduku kikae juu ya rafu, kisiguse ukuta wa nje wala sakafu, kwa sababu ya mchwa na mende, na kifunguliwe mara moja au mbili kwa mwaka siku ya jua kavu ili gombo lipate hewa kwa saa chache kivulini.

Ukisisitiza fremu, inawezekana, lakini iwe fremu ya kina kama sanduku, gombo lining'inie ndani likiwa zima, na mti wake wa chini na kamba yake, bila gundi mahali popote, na kioo kiwe mbali nalo kwa sentimeta tatu au nne. Nyuma pawe na matundu madogo ya hewa yaliyozibwa kwa wavu. Fundi mzuri wa Tanga anaweza kuitengeneza akielekezwa. Udhaifu wake ni kwamba litakuwa refu, zito, na litakaa kwenye mwanga muda wote.

Kuna njia ambayo watu huidharau, nami nadhani ndiyo itakayokufaa zaidi. Lipigwe picha vizuri, nzima, pamoja na maandishi, mihuri na kitambaa. Ichapishwe kwa ukubwa wake kwenye karatasi nzuri. Nakala hiyo mpe fundi aiwekee kioo na hadibodi apendavyo, itundikwe sebuleni mwaka mzima, na la asili litoke siku zake. Hata shangazi akishinda, nakala hiyo unaweza kuiweka chumbani mwako.

Kulipeleka likajengwe upya na mafundi wa Japani sikushauri kwa sasa. Ni kazi ya watu waliosomea miaka kumi hivi kabla ya kuachiwa peke yao. Nje ya Japani pia karakana zake si nyingi. British Museum ya London, kwa mfano, ina karakana maalumu iitwayo Hirayama Studio kwa picha za Asia ya Mashariki. Gharama yake inaweza kupita mara kadhaa bei ya gombo lenyewe. Na ukweli kuhusu bei ni huu: kwa ninavyoona kitambaa na ncha za mti wa chini, ni kazi ya karne ya 20, ya mtawa wa hekalu fulani, ya aina ambayo watawa wengi huwapa wageni na marafiki. Haitakutajirisha. Lakini ni ya mkono, ikiwa nilichokiona ni sahihi, na hilo unaweza kulithibitisha mwenyewe. Chukua lenzi ya kukuzia utazame ukingo wa mstari mweusi. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa, ni chapa ya mashine. Ukiona wino umeingia kwenye nyuzi na kutawanyika bila mpangilio, ni brashi.

Zipo dalili ambazo hazingoji barua nyingine kwangu. Harufu ya uvundo pamoja na utando wa manyoya meupe au ya kijani, ambao ni kuvu walio hai. Wino unaobaki kidoleni au unaobanduka. Matundu yenye unga unga mpya chini yake. Karatasi inayoachana na kitambaa, au mti wa chini unaoning'inia upande mmoja. Ukiona mojawapo, usilifungue zaidi. Liweke ndani ya bahasha kubwa ya karatasi, si mfuko wa plastiki, mbali na vitabu vingine, uwasiliane na wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam au wa Nyaraka za Taifa. Huenda hawana mtaalamu wa magombo ya Kijapani, lakini wanajua karatasi, wanajua kuvu, na watajua mahali pa kukomea. Kwa kusoma jina na mihuri, ubalozi wa Japani Dar es Salaam ni mahali pa kuuliza, na nenda na picha tu, gombo libaki nyumbani.

Nami nahitaji picha nyingine nne kutoka kwako. Muhuri wa juu kulia, pale maandishi yanapoanzia. Mihuri miwili ya chini ya saini, kila mmoja peke yake, na rula pembeni yake. Mgongo wa gombo likiwa limeviringwa, maana mara nyingi jina la kazi huandikwa hapo nje. Na kifuniko cha kisanduku, juu na ndani, kwa sababu watawa huandika pia ndani ya kifuniko nani kachora na wakati mwingine kampa nani. Ukiona saini inaanza na herufi mbili zinazosomeka Murasakino, ni jina la mahali lilipo hekalu la Daitoku-ji huko Kyoto, na kumpata mwandishi kutakuwa rahisi. Piga mchana kivulini, bila taa ya simu, na usiguse mihuri. Rangi yake nyekundu huchafuka hata baada ya miaka mingi. Kama barua za yule mwalimu kwa baba bado zipo, angalia pia aliandika anatoka mji gani.